Edward Jenner: munganga aliyetumikisha ugonjwa wa ng'ombe ili kuzuia ndui

Chanjo ya Mpox ilianza kutolewa mjini Goma mwezi wa kumi 2024. Kwa wakaaji wengi wa mashariki ilikuwa kitu kipya, lakini historia yake ina zaidi ya miaka 200. Inaanzia katika mji mdogo wa wafugaji huko Uingereza, kwa munganga mmoja aitwaye Edward Jenner.

Jenner alizaliwa tarehe 17 mwezi wa tano 1749 huko Berkeley. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, lakini mtoto alibaki yatima akiwa na miaka 5 tu, akalelewa na wakubwa wake. Siku zile ndui ilikuwa ugonjwa wa kuogopesha sana. Katika watu 10 walioipata, karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho. Dawa ya kuiponyesha haikukuwa.

Kulikuwa tu na njia moja ya kujikinga, yenye kujulikana tangu zamani Asia na hata sehemu fulani za Afrika. Walitoa usaha wa mgonjwa wa ndui, wakamchanja mtu mzima wa afya na kuuweka ndani ya kidonda, ili augue kidogo na kisha asiugue tena. Lakini ilikuwa ndui ya kweli. Wengine walikufa, na wengine waliwaambukiza majirani. Jenner mwenyewe alichanjwa hivyo akiwa na miaka 8, kiisha kufungishwa njaa na kutolewa damu. Alipona, lakini aliteseka sana.

Akiwa bado kijana mdogo, alianza kujifunza kazi kwa munganga mpasuaji. Alipofikisha miaka 21 alienda London kwa John Hunter, mwalimu mkubwa wa upasuaji, aliyewafundisha wanafunzi wake wasikubali tu maneno, bali wajaribu na kuona. Kisha masomo alirudi Berkeley kuwatunza watu wa kwao.

Huko vijijini, wamama na wasichana wa kukamua ng'ombe walikuwa na maneno yao. Walisema kwamba mtu aliyepata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi wa vipele kwenye mikono, hashikwi tena na ndui kubwa. Waganga wengi waliona hayo kuwa hadithi ya watu wasiosoma. Mkulima mmoja, Benjamin Jesty, alikuwa amekwisha kuijaribu kwa bibi yake na watoto wake mwaka 1774, lakini hakuandika chochote. Jenner yeye alisikiliza, akafuatilia kwa miaka mingi, akaandika.

Tarehe 14 mwezi wa tano 1796, alitoa maji ya kipele kwenye mkono wa msichana mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtu aliyemtumikia kwenye bustani. Mtoto alipata homa kidogo, akapona. Mwezi wa saba, Jenner akamwekea ndui ya kweli. Haikumshika. Leo hakuna sheria ingeruhusu kumjaribu mtoto namna hiyo, na kama Jenner angekosea, James angeweza kufa. Baadaye Jenner alimpa nyumba ya kukaa bila kulipa.

Jambo la kushangaza ni kwamba Jenner hakujua kile alichokuwa anapiganisha. Virusi vilianza kujulikana mwisho wa karne ya 19, zaidi ya miaka 60 kisha kifo chake. Virusi ni vitu vidogo sana. Karibu vyote havionekani hata kwa darubini ya kawaida. Vyenyewe havili wala haviwezi kuzaana. Vinahitaji kuingia ndani ya seli, zile sehemu ndogo ndogo zinazojenga mwili wa mtu, mnyama ao mmea. Ni sawa mwizi aliyeingia kwenye atelie ya fundi wa nguo: anatumikisha mashine na vitambaa vya mwenyewe kwa kushona nguo zake. Seli inatengeneza virusi vingine vingi, vinatoka na kushambulia seli za jirani.

Mwili nao unajitetea, na kiisha vita unakumbuka adui. Kwa kuwa virusi vya ndui ya ng'ombe na vya ndui ya watu ni vya jamaa moja, mwili uliojifunza kupiga kimoja unajua pia kupiga kingine. Hiyo ndiyo siri ya mkono wa Sarah.

Wakubwa wa sayansi wa London walikataa andiko lake la kwanza, kwa hiyo mwaka 1798 alilitoa kwa franga zake mwenyewe. Uvumi ukaanza. Kulichorwa hata picha za watu wanaoota vichwa vya ng'ombe kisha kuchanjwa. Jenner aliendelea. Hakuficha njia yake, alituma chanjo inchi nyingi, na aliwachanja maskini bure katika kibanda cha bustani yake. Bunge la Uingereza lilimpa pauni 10,000 mwaka 1802, na 20,000 mwaka 1807. Alikufa tarehe 26 mwezi wa kwanza 1823.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui katika jamii alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 OMS ilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Chanjo yake ikaachwa. Lakini Mpox, ambayo mgonjwa wake wa kwanza alijulikana mwaka 1970 huko Basankusu, Equateur, ni ya jamaa ile ile. Wazee waliochanjwa ndui zamani walibaki na kinga fulani. Watoto na vijana waliozaliwa kisha pale hawana. Chanjo iliyoletwa Goma imetengenezwa na virusi vya jamaa hiyo, vilivyopunguzwa nguvu mpaka haviwezi tena kuzaana katika mwili wa mtu. Ni njia ya Jenner, iliyosafishwa. Na neno la Kiswahili "chanjo" linatoka kwenye kuchanja, kile hasa alichofanya kwenye mkono wa James Phipps.