Wally Parks

Wallace Gordon Parks (anajulikana zaidi kama Wally Parks, 23 Januari 1913 – 28 Septemba 2007) alikuwa mhariri wa gazeti na kiongozi wa michezo ya magari kutoka nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi na rais wa kwanza wa National Hot Rod Association (kifupi: NHRA), chama kinachosimamia mbio za dragi.

Mbio za dragi ni mashindano ambamo magari mawili huondoka kwa pamoja kutoka mahali yaliposimama na kukimbia kwenye njia iliyonyooka. Umbali wa desturi ni robo maili, yaani takriban mita 402. Anayefika kwanza ameshinda, na yote humalizika kwa sekunde chache. Kabla ya kazi ya Parks mbio hizi zilifanyika zaidi katika barabara za umma usiku, pasipo ukaguzi wa magari wala gari la wagonjwa.

Maisha ya awali

Parks alizaliwa katika mji mdogo wa Goltry, jimbo la Oklahoma. Alipokuwa bado mtoto familia yake ilihamia kusini mwa California, na huko ndiko alikokulia.

Vijana wa Los Angeles wa miaka ya 1930 walikuwa na mchezo wao. Walinunua magari ya zamani kwa bei ndogo, mengi yakiwa ya Ford, wakayapunguza uzito na kuichokoa injini mpaka itoe nguvu kuliko ilivyokusudiwa na kiwanda. Magari ya namna hiyo huitwa hotirodi. Mahali pa kuyajaribia palikuwa maziwa makavu ya jangwa la Mojave, hasa ziwa la Muroc, ambako sasa kuna kambi ya ndege za kijeshi ya Edwards.

Jinsi walivyokwenda huko inafaa kuelezwa, kwa sababu inaonyesha tatizo ambalo Parks alishughulika nalo maisha yake yote. Wengi hawakuwa na gari la pili wala trela la kubebea gari la mbio. Waliendesha hotirodi yenyewe kutoka mjini, ikiwa na taa, madigadi na kioo cha mbele kama sheria ilivyotaka. Walipofika ziwani walivifungua vyote hivyo na kuviweka mchangani, wakakimbia mbio zao, kisha wakavifunga tena na kurudi nyumbani. Gari lilikuwa moja, lakini asubuhi liliruhusiwa barabarani na mchana lisingeruhusiwa.

Parks alikuwa mwanachama wa klabu ya Road Runners, mojawapo ya klabu zilizoungana mwaka 1937 kuunda Southern California Timing Association (SCTA), chama cha kupima kasi ziwani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliendesha vifaru vya majaribio kwa ajili ya kampuni ya General Motors, halafu akatumikia jeshi katika eneo la Pasifiki.

Mhariri wa Hot Rod

Baada ya vita Parks alichaguliwa kuongoza SCTA. Vijana wengi walikuwa wamerudi kutoka jeshini wakiwa na ufundi, na pesa kidogo mfukoni. Ajali za mbio za mitaani zikaongezeka. Magazeti yaliandika juu ya wenye hotirodi kana kwamba wote ni wahuni, na polisi wa miji mingi waliwakamata kila walipowaona.

Mnamo Januari 1948 SCTA iliandaa maonyesho ya magari katika jengo la jeshi la akiba mjini Los Angeles, ili wananchi wayaone kwa macho yao. Wakati huohuo Robert Petersen alianzisha gazeti la Hot Rod. Mwaka 1949 Parks akawa mhariri wake, na mwaka huohuo SCTA ilipata ruhusa ya kutumia uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, kwa mashindano ya kasi.

Kwa kuwa mhariri, Parks alikuwa na kitu ambacho viongozi wengine wa klabu hawakuwa nacho: njia ya kuzungumza na vijana wa nchi nzima kila mwezi. Aliwaeleza kwamba wasipojipangia kanuni wenyewe watapangiwa na watu wasioupenda mchezo huo.

Kuanzishwa kwa NHRA

NHRA ilianzishwa mwaka 1951, Parks akiwa rais, Ak Miller makamu wake na Marvin Lee katibu. Mashindano yake rasmi ya kwanza yalifanyika Aprili 1953 katika eneo la kuegesha magari la uwanja wa maonyesho wa Pomona, California. Polisi wa Pomona waliunga mkono mpango huo, jambo lililowashangaza wengi.

Mwaka uliofuata NHRA ilituma watu wanne kuzunguka nchi wakiwa na gari na trela lenye saa za kupimia, mizani na vipaza sauti. Kiongozi wao, Bud Coons, aliwahi kuwa askari polisi wa Pomona. Msafara huo uliitwa Drag Safari, na baadaye Safety Safari. Neno la Kiswahili lilikuwa tayari limezoeleka katika Kiingereza. Walipofika katika mji walikutana na klabu za hapo na wakubwa wa mji, wakatafuta kiwanja cha ndege kisichotumika, kisha wakawafundisha wenyeji namna ya kukagua magari na kuendesha mashindano bila watu kuumia. Viwanja hivyo vilikuwa vingi, kwa kuwa jeshi lilikuwa limevijenga wakati wa vita na kuviacha.

Mashindano ya kwanza ya kitaifa yalifanyika mwaka 1955 huko Great Bend, jimbo la Kansas, penye kiwanja cha zamani cha ndege za kivita za B-29. Mvua kubwa iliyavuruga, ikabidi yamaliziwe Novemba mjini Phoenix, Arizona, ambako Calvin Rice alishinda.

Kanuni za mchezo na sheria za barabarani

Kazi kubwa ya Parks ilikuwa kitabu cha kanuni. Sheria za barabarani za wakati ule ziliuliza kama gari lina taa, honi, madigadi na eksozi isiyopiga kelele. Mkaguzi wa NHRA aliuliza mengine: Je, breki zinashika? Betri imefungwa imara? Mafuta yanavuja? Dereva ana mkanda na helmeti? Kuna bomba la chuma la kumkinga gari likipinduka? Kanuni mojawapo ilidai kifuniko cha chuma kinene kuzunguka klachi. Klachi ikipasuka katika mzunguko mkali, vipande vyake huruka kama risasi na kuweza kumkata dereva miguu.

Hivyo gari lililofaulu mtihani mmoja liliweza kuanguka katika mwingine. NHRA ililitatua hilo kwa kugawa magari katika madaraja kufuatana na uzito, injini na kiasi cha mabadiliko. Baadhi ya madaraja yalikuwa ya magari ya barabarani, ambayo yalitakiwa kubaki na taa na vifaa vingine vya sheria. Kijana aliyekwenda kazini na gari lake Jumatatu aliweza kushindana nalo Jumapili na mtu wa hali yake, badala ya kushindwa na mashine iliyobebwa kwa trela. Huenda huu ndio mchango wake mkubwa kuliko mashindano makubwa yaliyompa sifa, kwa sababu bila nafasi ya namna hiyo kijana huyo angebaki mtaani.

Lakini kanuni za chama hazikuwahi kuwa sheria ya nchi. Nchini Marekani usajili na ukaguzi wa magari ni kazi ya kila jimbo. Yapo yanayokagua kila mwaka na yapo yasiyokagua kabisa. Mwaka 1966 serikali ya shirikisho ilitunga sheria ya usalama wa magari mapya, na mwaka 1970 ikafuata Sheria ya Hewa Safi, ambayo ilileta makatazo ya kuondoa vifaa vya kupunguza moshi. California ni kali zaidi: kipuri kinachogusa mfumo wa moshi kinahitaji kibali cha bodi ya hewa ya jimbo kabla ya kutumika barabarani.

Ulaya mambo ni tofauti tena. Uingereza ilianza ukaguzi wa lazima wa magari ya umri mkubwa mwaka 1960. Ujerumani mabadiliko makubwa ya gari hukaguliwa na kuandikwa katika hati zake, na bila hivyo gari hupoteza ruhusa ya kutembea. Mwaka 1964 madereva wa Marekani, miongoni mwao Don Garlits na Tommy Ivo, walikwenda Uingereza kuonyesha mbio hizi kwenye viwanja vya ndege, katika tamasha lililoandaliwa na Sydney Allard. Magari yao hayakuwa ya barabarani, kwa hiyo hayakuhitaji usajili huko. Waingereza waliotaka kuwaiga kwa magari yao ya kawaida ndio waliobaki na sheria za kwao. Kanuni za uwanjani zilivuka bahari kwa urahisi, ila namba za usajili hazikuvuka.

Ugomvi wa mafuta

Si kila uamuzi wa Parks ulipendwa. Mwaka 1957 NHRA ilipiga marufuku nitromethani, kimiminika kinachoongeza nguvu ya injini kupita petroli kwa mbali. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: kasi ilikuwa imezidi uwezo wa viwanja na breki za wakati ule. Washindani wengi walikasirika, na chama pinzani, American Hot Rod Association, kiliendelea kuyaruhusu mafuta hayo na kuwavutia madereva maarufu. Mwaka 1963 yakaanza kurudi katika mashindano ya NHRA ya Pomona, na Garlits akashinda. Ni vigumu kusema marufuku ile ilifanikiwa, maana kasi iliendelea kupanda mahali pengine. Mwaka huohuo zilianza kutumika taa za kuanzishia mbio ziitwazo mti wa Krismasi, badala ya mtu mwenye bendera aliyesimama mbele ya magari.

Parks mwenyewe hakuwa mtu wa ofisini tu. Mwaka 1957 aliendesha gari la Plymouth katika pwani ya Daytona, Florida, kwa kasi ya takriban maili 160 kwa saa (kilomita 257).

Miaka ya mwisho

Mwaka 1963 aliacha kazi ya gazeti ili aitumikie NHRA peke yake. Alibaki rais hadi mwaka 1984, alipompisha Dallas Gardner. Mkewe Barbara alifanya naye kazi katika chama hicho. Tangu mwaka 1969 washindi wa NHRA hupewa sanamu ndogo iitwayo Wally, na jumba la makumbusho lililofunguliwa Pomona mwaka 1998 limepewa jina lake.

Parks alifariki tarehe 28 Septemba 2007 huko Burbank, California, akiwa na umri wa miaka 94. Mwaka uliofuata, baada ya kifo cha dereva Scott Kalitta uwanjani, NHRA ilipunguza umbali wa mbio za magari yake yenye kasi kubwa kabisa kutoka robo maili hadi futi 1,000 (mita 305). Magari ya barabarani bado hukimbia robo maili.