George Lawrence, Mpiga Picha Pana

Ukisimama juu ya kilima na kugeuza kichwa kutoka kushoto hadi kulia, utaona nchi yote iliyo mbele yako: milima, mito, mashamba na nyumba. Kamera ya kawaida haiwezi kufanya hivyo. Kamera huona sehemu ndogo tu ya nchi. Mpiga picha anayetaka kuionyesha nchi yote anaweza kupiga picha kadhaa na kuziunganisha. Lakini mara nyingi viungo huonekana, na vitu vilivyo karibu na viungo havilingani. Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyetaka kupiga picha pana kwa mara moja, bila ya kiungo chochote.

Mtu huyo aliitwa George Lawrence. Alizaliwa mwaka 1868 katika jimbo la Illinois, nchini Marekani. Alipokuwa kijana alikwenda mji wa Chicago, akafanya kazi katika kiwanda cha magari ya kukokotwa na farasi. Baadaye alijifunza kupiga picha, akafungua studio yake mwenyewe. Lawrence alipenda hasa kazi zilizowashinda wapiga picha wengine.

Kamera kubwa

Mwaka 1900 kampuni moja ya reli ilikuwa na garimoshi jipya. Mabehewa yake yote yalilingana kwa urefu na kimo. Kampuni ilitaka picha moja ya garimoshi zima, ili watu wauone ulinganifu huo. Picha za kuunganishwa zisingefaa, kwa kuwa viungo vingeuharibu.

Lawrence alifikiri hivi. Picha ikichapwa kwa kugusana na bamba la kioo lililopigiwa picha, ukubwa wake huwa sawa na ukubwa wa bamba hilo. Kwa hiyo picha kubwa huhitaji bamba kubwa, na bamba kubwa huhitaji kamera kubwa. Akatengeneza kamera iliyochukua bamba lenye urefu wa meta 2.4 na upana wa meta 1.4. Kamera hiyo pamoja na kishikio cha bamba ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilogramu 600, na ilihitaji watu 15 kuitumia.

Bamba lilipakwa dawa ambayo hubadilika inapopigwa na mwanga. Chembe ya vumbi ikikaa juu yake huzuia mwanga, na huacha alama katika picha. Kwa sababu hiyo mtu mmoja aliingia ndani ya kamera kwa mlango wa mbele, na mlango ukafungwa. Lenzi ilifunikwa kwa kioo chekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu haukuidhuru dawa ile. Basi mtu yule akapangusa vumbi kwa brashi laini, akatoka. Kisha lenzi iliachwa wazi kwa muda wa dakika mbili na nusu, na garimoshi likiwa limesimama mbele yake.

Picha hiyo ilipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris, Ufaransa, mwaka huo huo. Wengine hawakuamini kwamba ilikuwa picha moja. Ilibidi mjumbe wa serikali ya Ufaransa aliyekuwa Marekani aende kuiona kamera yenyewe kwa macho yake. Alipothibitisha, Lawrence alipewa tuzo.

Kuanguka kutoka angani

Mtu aliye chini haoni mbali, kwa sababu nyumba na miti humzuia. Lawrence alitaka kupiga picha za miji kutoka juu. Kwanza alitumia ngazi ndefu na minara, kisha akapanda angani kwa puto. Mwaka 1901, alipokuwa angani kwa kimo cha zaidi ya meta 60, jukwaa alilosimamia lilikatika kutoka kwenye puto. Lawrence akaanguka. Kwa bahati njema alinaswa na waya za simu, ambazo zilipunguza mwendo wake. Alifika chini akiwa mzima.

Mtu mwingine angeiacha kazi hiyo. Lawrence hakuiacha, ila alibadili njia. Aliona kwamba kamera ndiyo inayohitaji kupanda juu. Mpiga picha anaweza kubaki chini. Tena aliona kwamba chombo cha kuipandisha kipo, nacho ni tiara, kama ile wanayochezea watoto.

Upepo unapoipiga tiara iliyoinamishwa, huisukuma juu. Tiara moja haiwezi kubeba kamera nzito, kwa hiyo Lawrence alirusha tiara nyingi kubwa katika waya mmoja wa chuma. Kamera ilining'inia chini yake. Ili isiyumbeyumbe, aliifunga vijiti vitatu virefu vilivyotokeza pande tatu, vyenye nyuzi za hariri zilizokutana chini penye kitu kizito. Waya wa umeme ulipita ndani ya waya wa chuma. Lawrence alipopitisha umeme kutoka chini, kilango cha lenzi kilifunguka na kufunga. Papo hapo mwavuli mdogo uliachiliwa kutoka kwenye kamera, ili watu wa chini wajue kwamba picha imekwisha kupigwa.

Kamera hii haikutumia bamba la kioo, bali kipande kikubwa cha filamu, ambayo ni nyepesi. Filamu ina faida nyingine: huweza kupindwa. Kioo hakipindiki. Filamu iliyopindwa mfano wa upinde huweza kuwa na umbali ule ule kutoka kwenye lenzi, katikati na pembeni. Kwa hiyo picha huwa safi hata katika ncha zake.

Mji uliobomoka

Tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa San Francisco. Moto ukafuata, ukaunguza mji kwa siku tatu. Watu wapatao 3,000 walikufa, na zaidi ya nusu ya wakazi wote walikosa makazi. Habari zilienea, lakini watu wa mbali hawakuweza kufahamu ukubwa wa maafa hayo. Picha ya mtaa mmoja ilionyesha mtaa mmoja tu.

Mwezi wa Mei Lawrence alirusha tiara zake juu ya ghuba ya San Francisco. Kamera yenye uzito wa kilogramu 22 ilipanda hadi kimo cha meta 600. Picha iliyopatikana, yenye urefu wa sentimeta 122 na upana wa sentimeta 43, ilionyesha mji mzima: bandari, barabara kuu, na mitaa mingi iliyobaki kuta tupu. Sasa kila aliyeitazama aliweza kujua jinsi mji ulivyoharibika. Picha hiyo ingali ikitazamwa na wataalamu hadi leo.

Safari ya Afrika Mashariki

Mwaka 1909 Lawrence alifika Mombasa pamoja na tajiri mmoja wa Chicago aitwaye Boyce, wakasafiri kwa garimoshi hadi Nairobi. Walikusudia kupiga picha za wanyama wa porini kutoka kwenye puto. Safari hii haikufaulu. Wanyama walikuwa mbali mno, na lenzi zao hazikufaa kwa kazi hiyo. Chombo kilichoonyesha mji mzima hakikuweza kumwonyesha vizuri mnyama mmoja. Kila chombo kina kazi yake.

Baadaye Lawrence aliacha kazi ya picha, akajishughulisha na kuunda ndege. Alikufa mwaka 1938. Siku hizi kamera hupandishwa juu kwa ndege, kwa setilaiti na kwa vyombo vidogo virukavyo bila rubani. Shabaha yake ni ile ile: kamera iende juu, na mpiga picha abaki salama.

Maswali

1. Kwa nini picha za kuunganishwa hazikufaa kwa garimoshi?
2. Kwa nini lenzi ilifunikwa kwa kioo chekundu, wala si kioo cheupe?
3. Lawrence alijifunza nini kutokana na kuanguka kwake?
4. Taja faida mbili za filamu kuliko bamba la kioo.
5. Kwa nini safari ya Afrika Mashariki haikufaulu?

Jambo la kufanya

Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa sentimeta 40. Uusimamishe wima juu ya meza, ukiwa umenyooka. Weka jiwe dogo sentimeta 20 mbele ya katikati yake. Kwa uzi, pima umbali kutoka kwenye jiwe hadi katikati ya ukanda, kisha hadi kwenye ncha zake. Sasa upinde ukanda kulizunguka jiwe, upime tena. Umeona tofauti gani?