Jack Molinas: Gwiji wa vikapu aliyeponzwa na tamaa ya kamari

TAMAA mbele, mauti nyuma, walinena wahenga. Katika historia ya michezo nchini Marekani, ni wachache ambao maisha yao yanauthibitisha usemi huo kama Jack Molinas, mchezaji stadi wa mpira wa vikapu ambaye kipaji chake kingempa jina la heshima, lakini akafuata njia iliyomfikisha gerezani na hatimaye kaburini akiwa na umri wa miaka 43 pekee.

Molinas alizaliwa jijini New York mnamo 1931. Alisomea Stuyvesant, shule ya upili inayosifika kwa kupokea wanafunzi werevu, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Columbia ambako alikuwa nahodha wa timu. Mnamo 1953, klabu ya Fort Wayne Pistons ilimchagua katika raundi ya kwanza ya kuwasajili wachezaji wapya wa ligi ya NBA.

Alikuwa angali mwanafunzi sakata ya 1951 ilipofichuka katika jiji lilo hilo. Wachezaji 32 kutoka vyuo 7 walipatikana kuhusika katika ulaji rushwa, wakiwemo wa City College, chuo kilichokuwa kimetwaa mataji yote mawili makuu ya taifa mnamo 1950.

Kiini cha uovu huo kilikuwa kamari ya pengo la alama. Timu ikitarajiwa kushinda kwa alama 8, aliyeiwekea dau hulipwa iwapo tu itashinda kwa alama 9 au zaidi. Hivyo basi, mchezaji aliyehongwa halazimiki kushindwa. Anachohitaji ni kukosa kikapu kimoja au viwili, timu yake ishinde kwa alama 5, mashabiki washangilie, na aliyemhonga avune pesa.

Hata hivyo, hila hiyo huacha nyayo. Mchezesha kamari hupanga pengo ili pesa zigawanyike pande zote mbili. Madau makubwa yanapomiminika ghafla kwa timu dhaifu, pengo hushuka, tuseme kutoka alama 8 hadi 5, ilhali hakuna mchezaji aliyejeruhiwa wala habari yoyote mpya. Hapo wajuzi hunusa uvundo na kukataa kupokea madau zaidi.

Molinas aliielewa vyema hesabu hiyo. Alikuwa amecheza mechi chache tu za NBA alipokiri kwa maandishi kwamba aliiwekea dau timu yake mwenyewe, akimpigia simu mtu wa New York ili kujua pengo kabla ya kuamua. Alijipatia takriban Dola 400. Mnamo Januari 1954, rais wa ligi, Maurice Podoloff, alimpiga marufuku.

Alisomea uanasheria na kuishtaki NBA, akishikilia kuwa adhabu hiyo ilimnyima riziki bila haki. Mnamo 1961, Jaji Irving Kaufman alitupilia mbali kesi hiyo. Jaji huyo alitambua jambo ambalo wengi hulisahau: hata mchezaji anayebashiri ushindi wa timu yake pekee ana madhara, kwa kuwa siku anayokataa kuweka dau, kimya chake huwafahamisha wacheza kamari kuwa mtu wa ndani ana shaka.

Wakati huo, Molinas alikuwa tayari mmoja wa vinara wa mtandao uliowahonga wanafunzi katika vyuo vingi vya Marekani. Kiongozi wa mashtaka wa Manhattan, Frank Hogan, aliufichua mtandao huo mwaka wa 1961. Mnamo 1963, Molinas alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15. Alitumikia takriban miaka 5, kwa sehemu katika gereza la Attica, akaachiliwa mnamo 1968.

Walioumia zaidi ni vijana. Connie Hawkins, aliyekuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Iowa, alikuwa amekopa Dola 200 kutoka kwa Molinas, na deni likalipwa. Hakushtakiwa kwa kosa lolote, lakini alifukuzwa chuoni na milango ya NBA ikafungwa hadi 1969, alipoafikiana na ligi baada ya kuishtaki. Miaka yake bora ilikuwa imepotea.

Molinas alihamia California, ambako aliuawa kwa kupigwa risasi nyumbani kwake Hollywood mnamo Agosti 1975.

Tangu 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyaruhusu majimbo kuhalalisha kamari ya michezo, wakaguzi wanaendelea kuchunguza jinsi pengo linavyosonga, wakitafuta nyayo kama zile za Molinas. Teknolojia imebadilika, ila windo lao ni lile lile: kijana mwenye kipaji, asiye na pesa, anayeambiwa kwamba si lazima timu yake ishindwe.