Mary Ainsworth na Kipimo cha Mwambatano: Kutoka Vijiji vya Buganda hadi Vilima vya Gusii

Utangulizi

Katika vilima vya Magwagwa, Kaunti ya Nyamira, alikokulia mwandishi wa makala haya, mtoto hujulikana kuwa amelelewa kwa namna anavyosalimu. Huutoa mkono, huinamisha macho kidogo, kisha humwachia mkubwa nafasi ya kuanzisha mazungumzo. Asiyefanya hivyo husemwa kuwa hana chinsoni, yaani haya na staha impasayo mtu mbele ya wenzake. Kipimo hiki hakijaandikwa mahali popote, lakini kila mzazi wa Gusii anakitumia.

Wanasaikolojia nao wamejitahidi kwa muda mrefu kuunda vipimo vya umahiri wa kijamii, yaani uwezo wa mtu kuingiliana na wengine, kuwategemea na kutegemewa. Miongoni mwao yumo Mary Ainsworth. Jina lake linafundishwa katika idara za saikolojia na elimu ulimwenguni kote, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa chimbuko la kazi yake kuu ni Uganda. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa nia ya kuonyesha kwamba kipimo cha tabia za watu hakiwezi kutenganishwa na mahali kilipozaliwa, na kwamba Ainsworth mwenyewe alilijua hilo kuliko wengi waliomfuata.

Malezi na Masomo

Mary Dinsmore Salter alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya mabinti watatu. Mwaka 1918 familia ilihamia Toronto, Kanada, na huko ndiko alikokulia. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alisoma kitabu cha mwanasaikolojia William McDougall kuhusu tabia ya mwanadamu. Kitabu hicho kilimfungua macho: kumbe mtu aweza kuyatafuta maelezo ya hisia na matendo yake ndani ya nafsi yake, si katika mambo ya nje tu. Mwaka uliofuata, 1929, alijiunga na Chuo Kikuu cha Toronto, na akabaki hapo hadi alipopata shahada ya uzamifu mwaka 1939.

Mwalimu wake mkuu alikuwa William Blatz, aliyefundisha kuwa mtoto anayejihisi salama mikononi mwa wazazi wake ndiye anayethubutu kuuchunguza ulimwengu. Katika tasnifu yake, Mary aliigeuza nadharia hiyo kuwa kipimo. Aliunda madodoso mawili: moja la kupima usalama wa kijana katika uhusiano wake na wazazi, na la pili katika uhusiano wake na marafiki. Kisha akalinganisha alama za wanafunzi na tawasifu walizoziandika wenyewe.

Jambo hili lapaswa kumvutia msomaji wa fasihi. Tangu mwanzo wa kazi yake, mtafiti huyu hakuiamini nambari pekee, bali aliiweka kando ya masimulizi. Alama ya dodoso humwonyesha mtu kama anavyotaka kuonekana. Tawasifu huweza kufichua kile ambacho dodoso limefunika.

Vita Kuu ya Pili ilikatiza kazi hiyo. Mwaka 1942 alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, na hadi vita vilipokwisha alikuwa amefikia cheo cha meja. Baadaye alirudi Toronto kufundisha. Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alipata kazi katika kliniki ya Tavistock chini ya John Bowlby, daktari aliyekuwa akichunguza madhara ya kumtenga mtoto na mama yake.

Kampala, 1954-1955

Leonard alipopata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere, Mary alifuatana naye. Uganda aliyoikuta mwanzoni mwa mwaka 1954 haikuwa tulivu. Kabaka Mutesa II alikuwa amepelekwa uhamishoni Uingereza na serikali ya kikoloni Novemba 1953, na hakurejea hadi Oktoba 1955. Haikuwa jambo dogo, katika siku hizo za manung'uniko, kwa mwanamke wa Kizungu kubisha hodi katika nyumba za Waganda na kuomba ruhusa ya kuwatazama watoto wao.

Alikaribishwa. Akiwa na mkalimani, alizitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Kila ziara ilichukua takriban saa mbili, na ilirudiwa kila baada ya majuma mawili, kwa muda uliofikia miezi tisa kwa baadhi ya familia. Aliketi sebuleni wakati wa alasiri, saa ambazo wanawake wa Kiganda hupokea wageni, akatazama, akauliza na kuandika.

Alikuja na swali lililo tayari. Alikuwa amesikia kuwa Waganda humwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi yake, naye alitaka kuona athari za utengano huo. Alipofika aligundua kuwa desturi hiyo haikufuatwa tena na wengi. Mtafiti mwingine angelibana jambo mpaka liingie katika swali lake. Yeye aliliacha swali, akaanza upya na yale aliyoyaona: mtoto anayetambaa mbali na mama ili kuchezea kitu, kisha akageuka kumtazama, mtoto anayelia mama anapoinuka, mtoto anayeinua mikono mama anaporudi. Kutokana na hayo aliwagawa watoto katika makundi matatu: wenye mwambatano salama, wenye mwambatano usio salama, na wale ambao mwambatano wao haukuwa umejitokeza bado.

Aliwapima pia akina mama, na hapa kuna tokeo ambalo wanaisimu na wanafasihi hawana budi kulizingatia. Akina mama walioweza kumsimulia mtoto wao kwa undani, bila kudodoswa, walielekea kuwa wale wale walioitikia ishara za mtoto upesi na kwa usahihi. Watoto wao ndio waliokuwa na mwambatano salama. Usimulizi ulikuwa dalili ya ulezi. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 1967 katika kitabu Infancy in Uganda, miaka kumi na zaidi baada ya kuondoka kwake.

Baltimore na Chumba cha Hali Ngeni

Kutoka Kampala, Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1960. Mwaka 1963 alianza utafiti mwingine wa familia 26. Kila mtoto alitembelewa nyumbani mara 18 katika mwaka wake wa kwanza, kila ziara ikiwa ya saa nne hivi. Kutokana na madaftari hayo aliunda vipimo vinne vya alama 1 hadi 9 vya kumpima mama: wepesi wa kuzitambua na kuziitikia ishara za mtoto, ushirikiano, ukubalifu na upatikanaji.

Hata hivyo, lilizuka tatizo. Watoto wa Baltimore walizoea kuona mama akitoka na kuingia, nao hawakushtuka nyumbani kama watoto wa Buganda. Ili kuuamsha mwambatano wao, Ainsworth na msaidizi wake Barbara Wittig walibuni jaribio liitwalo Hali Ngeni. Mama na mtoto wa takriban mwaka mmoja waliingizwa katika chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mgeni aliingia, mama alitoka mara mbili na kurudi mara mbili. Kilichopewa uzito si kilio, bali namna mtoto alivyompokea mama aliporejea: alimwendea akatulia, alimpuuza, au alimng'ang'ania huku akimsukuma. Kitabu cha mwaka 1978, alichokiandika pamoja na wenzake watatu, kilitumia watoto 106. Ikumbukwe basi kwamba chumba hicho kilibuniwa kwa ajili ya watoto wa Baltimore, kwa sababu sebule zao hazikusema yale ambayo sebule za Buganda zilisema.

Kipimo Kinapofika Kisii

Jaribio hilo lilisambaa haraka, na lilifika Gusii pia. Mwaka 1986 Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walichapisha uchunguzi wa watoto 26 wa Abagusii wenye umri wa miezi 8 hadi 27. Hawakujenga chumba. Jaribio lilifanyika nje ya nyumba ya mama, na halikumhusu mama peke yake, bali pia omoreri, yaani yaya mdogo ambaye mara nyingi ni dada wa mtoto.

Ilibidi pia vigezo vibadilike. Mtoto wa Baltimore alitazamia kukumbatiwa mama aliporudi; mtoto wa Gusii alitazamia kupewa mkono. Laiti watafiti wangalisubiri kumbatio, wangaliandika kuwa watoto wa Gusii ni baridi. Walipoitambua salamu ya mkono, waliona kuwa asilimia 61 ya watoto walikuwa na mwambatano salama na mama, na asilimia 54 na omoreri. Aidha, mwambatano na mama ulihusiana na afya ya lishe ya mtoto, na ule wa omoreri ulihusiana na ukuaji wa akili. Wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Hapa kila mkono ulionekana kwa kazi yake.

Hitimisho

Ainsworth alihamia Chuo Kikuu cha Virginia katikati ya miaka ya 1970, akastaafu mwaka 1984, na akafariki huko Charlottesville tarehe 21 Machi 1999 akiwa na umri wa miaka 85. Wako wanaomlaumu kwa kuipa dunia kipimo cha dakika ishirini na kitu kilichotumiwa mahali pengi bila kujali malezi ya watu. Lawama hiyo ina uzito, lakini yafaa iwaangukie zaidi waliokichukua chumba wakaziacha saa za kuketi sebuleni zilizokitangulia.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili liko karibu mno. Wengi wetu huombwa kutafsiri madodoso ya watafiti. Neno moja la kigeni hutujia, nasi twaweza kulipa adabu, haya, staha, utu au heshima, na kila moja hupima kitu tofauti. Anayetafsiri bila kuketi kwanza na wasemaji huenda akapata nambari safi za jambo ambalo hakuna aliyeulizwa. Mwanamke aliyefika Kampala na swali lisilofaa, akalitupa na kuanza kutazama, ametuachia njia ya kufuata kabla ya kuandika swali la kwanza.