Helena: Aliachwa kwenye mataa, akaishia kwenye sarafu

Makumbusho kadhaa ya Ulaya, British Museum ikiwemo, yamehifadhi sarafu za shaba nyeusi zenye sura ya mwanamke mmoja. Sarafu yenyewe ni ndogo kuliko hiyo bob iliyo mfukoni mwako. Nywele za mama huyu zimezungushiwa utepe, ana mkufu shingoni, na pembeni kuna jina: Helena Augusta. Usidhani alizaliwa kwa wadosi.

Alizaliwa karibu mwaka wa 250, na inaaminika ni Drepanum, mji wa pwani katika nchi tunayoiita leo Uturuki. Ambrose, askofu wa Milan, aliandika kwamba alikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni. Unaijua kazi hiyo: kuhudumia wasafiri na kuvumilia midomo ya walevi. Akapendana na afisa wa jeshi la Roma, Constantius. Kama walioana au waliishi tu pamoja, waandishi wa kale wenyewe hawakubaliani. Wakapata mtoto, Constantine.

Kisha jamaa akapanda cheo. Mwaka wa 293 alifanywa kaisari, msaidizi wa mfalme Maximian. Cheo kikubwa kilitaka mke wa ukoo mkubwa, naye akamwoa Theodora, binti wa kambo wa huyo huyo Maximian. Helena akaachwa kwenye mataa. Miaka mingi ikapita bila mtu kumtaja popote, huku Theodora akizaa watoto sita.

Lakini yule mtoto alikua. Constantius alipofariki York, Uingereza, mwaka wa 306, wanajeshi walimtangaza Constantine mfalme. Mwaka wa 324, alipobaki mtawala pekee, alimpa mamake cheo cha Augusta. Hapo ndipo sarafu zilipotoka. Nyuma yake kuna mwanamke aliyeshika tawi, na maneno ya Kilatini kuhusu usalama wa taifa.

Usalama wenyewe haukuwa nyumbani. Mwaka wa 326 Constantine aliamuru mwanawe Crispus auawe. Wapo waandishi wa kale waliosema Helena alimlaumu vikali kwa uchungu wa mjukuu, na muda si muda mke wa mfalme, Fausta, naye akauawa.

Karibu na miaka 80, bibi huyu alifunga safari hadi Palestina, ambako anakumbukwa kwa makanisa ya Bethlehemu na Mlima wa Mizeituni. Alifariki karibu mwaka wa 330. Jeneza lake la jiwe jekundu liko Vatican hadi leo.

Sasa sikia hii. Constantine alipofariki mwaka wa 337, wanawe walitoa sarafu mpya za nyanya yao. Katika miaka hiyo hiyo zikatoka pia sarafu za Theodora, marehemu mke mwenza, nyuma yake kukiwa na mwanamke aliyebeba mtoto. Wakusanyaji huziweka kwenye trei moja, Helena na Theodora, ubavu kwa ubavu.