Jabir bin Hayyan na siri ya metali



Mkulima wa Mombo, au wa mashamba ya juu kuelekea Lushoto, anaufahamu mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu ambayo hutiwa chokaa na kunyunyiziwa mimea ili kuzuia ukungu. Kanuni ya kuuchanganya ni kutumia chombo cha plastiki au cha mbao, kamwe si ndoo ya chuma. Sababu ya kanuni hiyo inatukumbusha swali lililomshughulisha maisha yake yote mwanachuoni Jabir bin Hayyan: je, metali moja yaweza kugeuka kuwa nyingine?

Kwa mujibu wa masimulizi mashuhuri, Jabir alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, mnamo mwaka 721. Baba yake, Hayyan, alikuwa muuza dawa wa Kufa. Aliwaunga mkono Bani Abbas, akauawa na watawala wa Bani Umayya. Yatima huyo alikua akiitafuta elimu, na inasimuliwa kwamba alisoma kwa Imam Jaafar Sadiq, aliyefariki Madina mwaka 765. Baadaye alikuwa karibu na mawaziri wa ukoo wa Barmaki huko Baghdad, katika zama za Khalifa Harun Rashid. Ukoo huo ulipoanguka mwaka 803, Jabir alirejea Kufa, na inasemekana alifariki mnamo mwaka 815.

Vitabu vyenye jina lake vinafundisha kwamba kila metali imeundwa kwa kiberiti na zebaki, na kwamba anayejua vipimo vyake ataweza kuibadili. Hilo halikuwa sahihi. Lakini vitabu hivyohivyo vinasisitiza tanuri, mizani na kazi ya mikono, na vinamtaka mwanafunzi ajaribu mwenyewe badala ya kutosheka na uvumi.

Ukitumbukiza msumari safi katika maji ya mrututu, baada ya muda hufunikwa na rangi nyekundu ya shaba, na buluu ya maji hufifia. Macho yatasema chuma kimegeuka shaba. Sivyo. Chuma ni kikali kuliko shaba. Huiondoa katika chumvi yake na kuchukua nafasi yake, nayo shaba hujitenga na kuganda juu ya msumari. Ndiyo maana ndoo ya chuma huliwa na dawa hupungua nguvu. Ukitumbukiza shaba katika chumvi ya chuma, hakuna kinachotokea. Kwa majaribio ya namna hii wataalamu wamezipanga metali kwa daraja: magnesi huishinda zinki, zinki huishinda chuma, chuma huishinda shaba, na shaba huishinda fedha. Hata bati la paa hulindwa hivyo, kwani zinki iliyopakwa juu yake huliwa kwanza, chuma kikasalimika.

Uaminifu wa elimu unatutaka tuseme pia kwamba Ibn Nadim, aliyeandika Baghdad mwaka 987, alitaja watu waliokana kuwepo kwa Jabir, ingawa yeye mwenyewe aliamini kwamba alikuwepo. Watafiti wengi wa leo wanaona vitabu hivyo viliandikwa na watu kadhaa, na kwamba baadhi ya maandishi ya Kilatini yenye jina lake ni ya Ulaya ya karne ya 13. Tusimpe mtu sifa isiyo na ushahidi, hata kama tunampenda.

Enyi wazazi, mtoto akiwauliza kwa nini msumari umebadilika rangi, msimnyamazishe. Mpelekeni kwa mwalimu wake aione kazi hiyo chini ya uangalizi, maana mrututu ni sumu. Anayejua kwamba rangi ya juu si kiini cha kitu hatadanganywa kirahisi na muuza pete ya shaba iliyopakwa dhahabu. Jabir hakuipata dhahabu aliyoitafuta, ila njia ya kupima na kujaribu imebaki kuwa urithi wenye thamani zaidi.

Wallahu aalam.