Howard Hawks: Mwongozaji wa Filamu za Kila Aina

Mtahiniwa, neno hatari unalijua tangu utotoni. Huenda hujui kwamba mwaka 1962 neno hilohilo, likiwa na alama ya mshangao mwishoni, lilibandikwa kwenye kuta za kumbi za sinema za Marekani kama jina la filamu. Filamu hiyo ilipigwa picha hapa kwetu, Arusha, na aliyeiongoza ni Howard Hawks. Soma wasifu wake kwa makini, na unaposoma fuatilia swali moja: je, mtu anayefanya kazi kwa fedha za kampuni, akigusa kila aina ya hadithi, ni msanii au ni fundi wa kuajiriwa tu? Hawks aliishi na swali hilo karibu maisha yake yote ya kazi.

Alizaliwa tarehe 30 Mei 1896 katika mji wa Goshen, jimbo la Indiana, kwenye familia yenye mali iliyotokana na biashara ya karatasi. Baadaye familia ilihamia California. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, na wakati wa likizo alifanya kazi ndogondogo za kupanga vifaa katika kampuni ya filamu. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafikia Wamarekani, alijiunga na kikosi cha anga cha jeshi. Alipenda ndege na magari ya mashindano, na mapenzi hayo utayakuta katika filamu zake nyingi. Yalikuwa na gharama pia. Januari 1930 mdogo wake, Kenneth, aliyekuwa naye mwongozaji, alikufa pamoja na watu wengine 9 baada ya ndege mbili kugongana juu ya Bahari ya Pasifiki wakipiga picha za filamu. Mwaka huohuo Hawks alitoa The Dawn Patrol, filamu ya marubani wanaotumwa kufa mmoja baada ya mwingine.

Ili umwelewe, lazima kwanza uelewe Hollywood ya zamani. Kampuni chache kubwa zilimiliki majengo ya kupigia picha, ziliwafunga waigizaji kwa mikataba ya miaka mingi, na kadhaa kati yake zilimiliki hata kumbi za kuonyeshea, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu dhidi ya utaratibu huo mwaka 1948. Mwongozaji wengi walimwona kama msimamizi wa zamu kiwandani. Hawks alianza kwa Fox mwaka 1926, enzi za filamu zisizo na sauti, lakini baadaye alikwepa kufungwa na bwana mmoja kwa muda mrefu. Alihama: Warner, Columbia, RKO, Paramount. Mara nyingi alikuwa mtayarishaji wa kazi zake mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyompa nguvu ya kukataa asichokitaka.

Hata hivyo nguvu hiyo ilikuwa na mipaka. Scarface, hadithi ya jambazi aliyefanana sana na Al Capone, ilizuiwa na wakaguzi wa maadili. Walidai filamu inamtukuza mhalifu. Mwisho mwingine ulipigwa picha bila Hawks kuwapo, na filamu ikatoka mwaka 1932 baada ya mvutano mrefu. Vilevile Bringing Up Baby ya mwaka 1938, ambayo leo inahesabiwa kati ya vichekesho bora kabisa, haikuleta faida iliyotarajiwa, na RKO ikampa mtu mwingine filamu aliyokuwa akiiandaa.

Tazama sasa alichofanya mwaka 1940. Alichukua tamthilia iliyokwisha kupata sifa, ya mhariri na mwandishi wake wa habari, wote wanaume. Akamgeuza mwandishi kuwa mwanamke, tena mtalaka wa mhariri. Badiliko hilo moja lilizaa His Girl Friday, ambamo watu hupokonyana maneno kwa kasi kiasi kwamba ukipiga chafya umepitwa na sentensi tatu. Wewe unayesoma tamthilia kwa ajili ya mtihani, jiulize ni kitu gani kingebadilika kama ungemgeuza jinsia mhusika mkuu. Ni zoezi zuri kuliko kukariri muhtasari.

Miaka iliyofuata alirukia huku na huku. Sergeant York, ya mwaka 1941, ndiyo pekee iliyompa nafasi ya kushindania Tuzo ya Oscar ya uongozaji, na akashindwa na John Ford. Mwaka 1944 alimtambulisha Lauren Bacall, binti wa miaka 19, kando ya Humphrey Bogart. Ikaja The Big Sleep ya upelelezi, ambayo William Faulkner alishiriki kuiandika, kisha Red River ya wachunga ng'ombe, kisha mwaka 1953 filamu ya nyimbo na Marilyn Monroe. Ile ya mafarao wa Misri, ya mwaka 1955, iliporomoka, naye akakaa miaka kadhaa bila kutoa filamu.

Alirudi mwaka 1959 na Rio Bravo. Hakuipenda filamu ya High Noon, ambamo mkuu wa usalama anazunguka mji akiomba msaada kwa raia waoga. Hawks alijibu kwa kamera: mkuu wake anakataa msaada wa wasio na ujuzi, na anabaki na mlevi, mzee kiwete na kijana mmoja. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake bora.

Hatari! ilifuata, John Wayne akiongoza kundi linalokamata wanyama hai ili wauzwe kwa bustani za wanyama ng'ambo. Picha zilipigwa kabla tu ya uhuru wa Tanganyika, na waigizaji wenyewe walishiriki kukimbiza vifaru kwa magari. Mandhari yetu yamependeza mno. Wenyeji, kwa bahati mbaya, wamewekwa pembeni kama sehemu ya mandhari hayo. Mmoja wa waigizaji, Mjerumani Hardy Krüger, alipapenda Momella akanunua shamba na kuishi huko kwa miaka mingi.

Waliomwita Hawks msanii kwanza walikuwa Wafaransa. Vijana waliohakiki filamu katika jarida la Cahiers du cinéma, miaka ya 1950, walionyesha kwamba ndani ya vita, vichekesho na ujambazi wake mna watu walewale: kundi dogo lenye kazi ngumu, linalompima mtu kwa anavyoifanya kazi hiyo. Nchini kwake ilibidi asubiri. Filamu ya mwisho, Rio Lobo, aliitoa mwaka 1970, na Oscar ya heshima akakabidhiwa mwaka 1975. Alifariki tarehe 26 Desemba 1977 huko Palm Springs, California, akiwa na umri wa miaka 81.